Karani wa dagaa anayekagua nyumba mvua ikinyesha

Saa tatu na nusu asubuhi, Prudencia Rwekaza analaza gunia la dagaa ubavuni, anafumua nyuzi za chini na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mdomo wa gunia uko wazi mbele yake na dagaa wa juu wanang'aa kwa ukavu. Hautazami.

Anatoa konzi, anainusa, kisha anaitandaza kiganjani. Chembe za mchanga zinabaki kwenye mistari ya mkono.

"Hili likaanikwe upya," anamwambia mwenye mzigo.

"Karani, si umeona juu palivyo pakavu?"

"Juu umepanga wewe. Chini limejipanga lenyewe."

Prudencia, mwenye umri wa miaka 39, ni karani wa mizani katika ghala moja la dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kazi hiyo aliifanya Bukoba kwa miaka kumi na mmoja kabla ya mwajiri wake kufunga ghala la huko Julai mwaka huu. Wafanyakazi walipewa wiki mbili: kumfuata Mwanza au kuacha kazi.

Alikuja. Miezi minne baadaye bado hajapata pa kuishi panapomfaa, na amebakiwa na siku tisa.

Alhamisi ya wiki ijayo, alfajiri, meli ya kutoka Bukoba itamshusha mama yake, Eugenia Kokulinda, mwenye umri wa miaka 72. Mama huyo alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Anaburuta mguu wa kushoto na anatembea kwa mkongojo. Mwanawe wa kiume aliyekuwa akiishi naye kijijini Kamachumu, mkoani Kagera, amepata kazi mgodini Geita, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kumtazama.

"Tiketi imeshakatwa," anasema Prudencia. "Nyumba ndiyo haijapatikana."

Si kweli kwamba hana nyumba. Anayo, na imelipiwa hadi Desemba. Tatizo ni namna alivyoichagua.

Julai alikuwa na siku tano za kutafuta katika jiji asilolijua. Dalali mmoja, Nestory, alimzungusha nyumba nne. Ya kwanza ilikuwa na giza, ya pili ilikuwa juu ya baa. Kwenye ya tatu, vyumba viwili vilivyo bondeni umbali wa dakika kumi na tano kwa mguu kutoka ghalani, aliona migomba sita nyuma ya ukuta.

"Sikuuliza swali la pili," anasema. "Nyumba ya nne niliiona kwa kumridhisha dalali tu."

Kwao Kamachumu, nyumba hukaa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo. Mgomba ulionenepa karibu na mlango ni ushahidi kwamba pale pamekaliwa na kutunzwa, pengine kwa vizazi vitatu. Mtu anayetafuta makazi hahitaji kuuliza zaidi.

Mwanza ni jiji la mawe. Udongo mzito hupatikana pale tu maji yalipouleta na kuuacha. Migomba ile sita ilikuwa imeota kwenye mkondo unaopokea maji ya mvua ya kilima kizima, pamoja na povu la kufulia na la kuogea la kaya zote zilizo juu.

Aliyemweleza hayo ni Masalu, mpagazi wa ghalani, mzaliwa wa Magu. Alimweleza Agosti, mkataba ukiwa umeshasainiwa, baada ya kucheka kwanza.

"Nyie Wahaya bwana! Mkiona mgomba mnavua viatu, mmefika nyumbani," Masalu anakumbuka alivyomwambia. "Huku kwetu mgomba mjini ni kibao. Kimeandikwa: maji yanapita hapa."

Prudencia alidhani ni utani. Jua la Agosti lilikuwa kali na sakafu ilikuwa kavu.

Oktoba 14, mvua ilinyesha kwa dakika arobaini. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakavuka chumba cha kwanza na kutokea mbele. Asubuhi alipima alama yake ukutani kwa rula: sentimita kumi na mbili. Alipokwangua rangi ya mafuta ya kahawia iliyopakwa sehemu ya chini ya ukuta, alikuta alama nyingine ya zamani, sentimita tatu juu ya ile yake.

"Mimi ambaye kazi yangu ni kufumua magunia chini," anasema. "Nyumba niliitazama mdomo."

Mwenye nyumba amekataa kurudisha kodi iliyobaki. Prudencia hajabishana naye sana, kwa sababu kinachomkosesha usingizi ni dakika nne.

Dakika nne ndizo anazohitaji mama yake kutoka kulala hadi kukaa kitandani, na Prudencia alizipima kwa saa alipokwenda kumsalimia Septemba. Oktoba 14, kutoka maji yalipogusa kizingiti hadi yalipofika miguu ya kitanda, anakadiria zilipita dakika sita. Kati ya muda huo na huo zinabaki dakika mbili za kutafuta mkongojo na kuvuka sakafu yenye utelezi, mama akiwa peke yake na binti yake yuko kwenye mizani.

Mama hajaambiwa. Anachojua ni kile alichoelezwa Julai kwa furaha, kwamba nyumba ya Mwanza ina migomba. Tangu hapo amemwagiza jirani amng'olee vichipukizi vitatu vya mgomba, atakavyosafiri navyo kwenye kikapu.

Jibu jepesi lingekuwa kupanda kilimani, maana maji hayapandi. Prudencia alikwenda Igogo kuona chumba kikavu cha bei ndogo. Alihesabu ngazi tisini na nne za kuchonga kwenye jabali, na kutoka huko hadi ghalani ni mbali mno kurudi mchana kumpa mama chakula. Alikwenda Butimba pia. Nyumba ilikuwa tambarare, kavu, ina maji ya bomba uani. Lakini angetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja usiku. Mama angekaa peke yake saa kumi na nne.

Kwa hiyo kila nyumba anaipima kwa masharti matatu: sakafu kavu, ngazi chache, na mwendo usiozidi dakika ishirini kutoka Mwaloni. Tangu mafuriko yale ya Oktoba ameona nyumba saba. Hakuna hata moja iliyotimiza yote.

Sharti la nne aliliongeza Masalu. "Nyumba ya Mwanza haikaguliwi jua likiwaka. Jua linawapenda madalali."

Ushauri huo umeangukia vizuri kwenye kazi yake. Dagaa hawapimwi mvua ikinyesha, kwani gunia likiloa uzito wake unadanganya. Tone la kwanza likianguka, mizani hufunikwa kwa turubai na makarani wanakaa. Ndiyo saa pekee ya mchana ambayo Prudencia yuko huru, na ndiyo saa ambayo nyumba haiwezi kumficha kitu.

Leo, saa tano kasoro dakika kumi, radi inapiga upande wa ziwani. Turubai linashuka. Prudencia anavaa buti za mpira, anachukua mwavuli na futi ya fundi cherehani.

"Karani, unakwenda kuoga?" Masalu anamwita kutoka juu ya rundo la magunia.

"Nakwenda kupima nyumba ya nane."

"Ukikuta mgomba, rudi!"

Nyumba ya nane iko Kirumba, upande unaoanza kupanda, dakika kumi na saba kwa mguu. Mwenye nyumba, Odeta Machibya, mwenye umri wa miaka 58, anafungua mlango akiwa na kanga kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mvua yote hii, mwanangu? Wenzako wakiona wingu wanaghairi."

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Naomba nione chumba sasa hivi."

Hatazami dari wala dirisha. Anapiga magoti, anakunja kapeti ya plastiki kwenye kona nne, moja baada ya nyingine, na kupitisha kiganja kwenye sakafu. Anakwangua rangi ya chini ya ukuta kwa ukucha. Kisha anatoka nje na kusimama nyuma ya nyumba kwa karibu nusu saa, mwavuli ukipigwa na upepo, akitazama maji yanakopita. Yanashuka kwa kasi kati ya majabali mawili, yamebeba matope na mifuko ya plastiki. Anapima. Kutoka ukingo wa maji hadi ukutani ni mita mbili na sentimita kumi.

"Huyu ananunua au anapanga?" Odeta anauliza, bila kumlenga mtu.

Zimebaki ngazi. Ni kumi na moja, zimechongwa kwenye jiwe, na hakuna mbili zilizolingana. Ya tano ina kimo cha sentimita thelathini na moja. Prudencia anaipima mara mbili.

"Hiyo ya tano hata mimi nina kesi nayo," anasema Odeta. "Goti langu hili bovu. Siku nyingine naipanda kwa makalio."

"Mama yangu mguu mmoja haufanyi kazi."

Odeta anaitazama ngazi yake kana kwamba haijawahi kuwa yake. "Basi tuweke jiwe la nusu hapo, na bomba la kushikia pembeni. Nina fundi. Ijumaa atakuja."

Mshahara wa Prudencia ni shilingi 320,000 kwa mwezi. Kodi hapa ni 80,000, na Odeta alitaka ya miezi sita. Wanakubaliana miwili. Ya zaidi, Prudencia anasema, atalipa akishaona mvua ya kunyesha saa tatu mfululizo. Ya leo imedumu dakika hamsini.

"Ukavu wa dakika hamsini ndio ninaoujua," anasema akiwa njiani kurudi, soksi zimelowa. "Wa saa tatu siujui. Nimechagua kitu nilichokipima robo."

Ghalani turubai limeshaondolewa. Masalu anataka habari.

"Mgomba?"

"Hakuna. Mawe matupu."

"Safi. Ngazi?"

"Kumi na moja."

Masalu anapiga hesabu. "Gunia la kilo sitini nalipandisha hizo bila kupumzika. Mayu, huyo mama yako, ana kilo ngapi?"

"Arobaini na nane. Lakini hakubali kubebwa. Usithubutu hata kumwambia."

"Basi Alhamisi nitakuwa bandarini. Nitabeba kikapu cha migomba, na nitatembea nyuma yake. Akiteleza atakutana na mimi."

Saa kumi na mbili jioni, kazi imeisha. Prudencia anakaa kwenye benchi la ghala na kupiga simu aliyoiahirisha tangu Oktoba. Anaweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ina magamba ya dagaa.

Anaeleza yote kwa mpangilio: mvua, sentimita kumi na mbili, alama chini ya rangi, nyumba mpya ya Kirumba. Anaeleza kwamba migomba ndiyo iliyomdanganya.

Upande wa pili anasikika kuku.

"Mgomba haudanganyi," anasema mama yake. "Ulikuwa unakunywa maji. Wewe ndiye hukuuliza yanatoka wapi."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo ya sasa haina hata mmoja?"

"Hakuna udongo, mama. Ni jiwe."

"Vichipukizi vyangu?"

"Utakuja navyo. Tutavitia kwenye ndoo."

Prudencia anasugua kiganja kwenye goti.

"Nje kuna ngazi?" mama anauliza.

"Zipo. Kumi na moja. Ya tano ni ndefu, lakini itarekebishwa. Kuna mtu atakuwa nyuma yako..."

"Za kanisani hapa ni tatu. Kesho nitaanza kuzipanda mara nne."

"Mama, tatu mara nne ni kumi na mbili."

"Najua," anasema Eugenia. "Wewe ulipima nyumba ya kwanza ukakosea. Naongeza ngazi moja."