Muuza kengele wa Mamba anayekatwa hata kwenye nauli ya mzigo

Je, umewahi kukatwa makato kwenye hela ambayo si yako, hela iliyopita tu mkononi mwako ikienda kumlipa mtu mwingine?

Saa moja asubuhi, Aikaeli Mtui anapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni kwake Mamba, upande wa mashariki wa Moshi. Mbele yake kuna kengele ya ng'ombe, nyeusi, kubwa kama kopo la lita moja. Anashindilia majani makavu ya mgomba ndani yake, taratibu, mpaka ulimi wa kengele unashikwa na kunyamaza. Anaifunga kwa gazeti, kisha kwa boksi la sabuni, kisha kamba ya katani mizunguko minne. Hafungi kwa gundi. Anasema gundi inaachia ikipata joto la kwenye buti la basi.

Nje, kwenye banda la uhunzi, mumewe Sifael anagonga chuma. Ana miaka sabini na mmoja. Mivukuto ya ngozi aliyoachiwa na baba yake imetundikwa ukutani. Siku hizi moto unapulizwa na feni iliyotolewa kwenye gari bovu. Fuawe, chuma cha kugongea, ni ileile ya baba yake.

"Kengele moja inamla karibu siku nzima," anasema Aikaeli, mwenye miaka sitini na mitatu. "Chuma na mkaa ni elfu kumi na moja. Mimi nauza ishirini na mbili. Hapo ukisikia unaona nina faida, si ndiyo? Ngoja nikuhesabie."

Miaka mitatu iliyopita, binti yao Brenda, anayefanya kazi Arusha, aliwafungulia duka kwenye soko moja la mtandaoni. Aikaeli aliuza mbuzi mwenye mimba akanunua simu ya kuonyesha picha. Alijifunza kupiga picha ya kengele juu ya jani bichi la mgomba, ili weusi wake uonekane.

Oda zikaanza kuingia. Wafugaji wa Kahama, wa Kongwa, wa Handeni. Mwenye hoteli mmoja wa Iringa alichukua sita za kutundika milangoni. Mwezi mzuri zilitoka kengele kumi na nne.

Wakati huo soko lilikata asilimia kumi na mbili ya bei ya kengele peke yake. Mwezi wa tatu mwaka huu ukaja ujumbe mrefu kwenye simu. Aikaeli aliishia darasa la saba, lakini aliusoma wote, mara mbili, akiwa amevaa miwani ya mumewe. Makato sasa yangehesabiwa kwenye hela yote anayolipa mteja, pamoja na ile ya kusafirisha mzigo.

"Tuseme mteja wa mwezi huo yuko Kahama," anasema, akipanga punje za maharage sakafuni, kila punje elfu moja. "Kengele elfu ishirini na mbili, nauli ya mzigo elfu kumi na nne. Jumla thelathini na sita. Wao wanakata elfu nne mia tatu na ishirini. Zamani walikata elfu mbili mia sita na arobaini. Sasa ile ya nauli inanifikia imeshamegwa, na kule kwenye basi wanaitaka nzima. Najazia mimi."

Anaondoa punje za makato, za nauli, za chuma na mkaa, kisha tatu za bodaboda ya kuufikisha mzigo Himo, kwenye ofisi ya mabasi. Zinabaki punje tatu, na ya nne nusu yake anaivunja kwa jino.

"Hiyo ndiyo siku ya mzee wangu," anasema.

Lakini kilichomuuma zaidi ni kosa lake mwenyewe.

Huku kwao, mtu hakabidhiwi chombo kitupu. Ukimrudishia jirani bakuli lake, unaweka chochote ndani, hata ndizi mbili. Kengele nayo ina tumbo. Kwa hiyo tangu oda ya kwanza, Aikaeli alikuwa anaijaza kahawa ya shambani kwao, robo kilo, aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe. Ilizuia ulimi usigongegonge njiani, na mteja alipata zawadi. Hakuwahi kuiandika kwenye tangazo. Zawadi haitangazwi.

Siku moja mwezi wa saba kahawa ilikwisha, akafunga kengele kwa majani makavu. Himo, karani wa mizigo anayeitwa Jackson akauweka mzigo kwenye mzani.

"Elfu tisa, mama."

"Jackson, umekosea. Kahama ni kumi na nne."

"Mimi naweza kukosea, mzani hauna usingizi. Leo haujazidi kilo mbili. Siku zote unazidi kidogo, nakuandikia tatu. Kwani huwa unaweka nini humo ndani, mawe?"

"Kahawa."

"Kahawa ya nani?"

"Ya mteja. Ya bure."

Jackson alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Bure ya elfu tano, mama yangu. Wenzako huwa wanapunguza, wewe unaongeza."

Aikaeli hakucheka. Alikaa kwenye benchi la abiria akafungua simu, akatafuta maneno ya wateja aliyokuwa ameyapita harakaharaka kwa aibu. Mmoja wa Kahama alikuwa ameandika: "Kengele nzuri, ila usafirishaji ni wizi." Mwingine: "Huyu anatafuta faida kwenye nauli."

"Miaka mitatu nawalipisha watu elfu tano ili niwape zawadi," anasema. "Na tangu mwezi wa tatu, kwenye hiyo elfu tano na mimi nakatwa mia sita. Nakatwa kwa kahawa yangu, niliyoichuma kwa mkono huu. Halafu naitwa mwizi."

Aliacha kuweka kahawa. Wiki mbili baadaye mteja wake wa zamani wa Kongwa aliandika: "Mama, safari hii imekuja tupu. Nimekukosea nini?" Hajamjibu hadi leo.

Kuondoa kahawa kulipunguza nauli, lakini makato juu ya nauli yalibaki. Alipandisha bei hadi elfu ishirini na tano; oda zikashuka, kwa sababu kengele za bati za kiwandani zinauzwa elfu nane kwenye soko hilohilo la mtandaoni. Akairudisha. Mwezi uliopita aliuza tano. Rafiki yake Dominika, anayeuza vikapu, alijaribu kuwaambia wateja wailipe nauli wenyewe kwenye basi. Duka lake lilifungwa siku ya tatu kwa kuvunja masharti.

Aikaeli amewapigia simu wenye soko hilo mara nne. Mara ya mwisho alipokea kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nauli ya basi ni ya mwenye basi. Nyinyi mnaikatia nini?"

"Mfumo ndivyo ulivyopangwa, mama. Unahesabu jumla."

"Mfumo umewahi kubeba mzigo mpaka Himo?"

Kijana akamshauri apandishe bei.

Jumapili baada ya ibada, Aikaeli na mumewe walikaa na chai. Alikuwa amempigia Brenda na kumwomba alifunge duka mwisho wa mwezi. Mpango wake ni kwenda Tarakea siku ya gulio na kengele ishirini, akijua kwamba wanunuzi wa kule watamshusha hadi elfu kumi na tano.

"Bila duka huenda ukazima moto, Baba Brenda," alimwambia. "Nimeshindwa."

Sifael aliweka kikombe chini. "Nitakwenda na wewe."

"Wewe? Si ulisema magoti yamegoma?"

"Yatakwenda."

Aikaeli alimwongezea chai. Katika miaka yote mitatu ya duka, mzee huyu hakuwahi kusema neno, si la kulisifu wala la kulilaumu. Alikuwa anagonga tu, anampa, anarudi bandani.

"Hukulipenda," alisema Aikaeli.

"Wanachagua kengele kwa macho."

"Na hukuniambia."

"Ulishauza mbuzi. Tena mwenye mimba. Ningesema nini?"

"Ungesema hivyohivyo. Tungebaki na mbuzi."

Sifael alisugua masizi kwenye kucha ya kidole gumba, yale yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Ndipo akasema.

"Mimi nilitaka mtu aje. Aishike, aigonge mbele yangu, aisikilize kama ni sauti ya ng'ombe wake. Kama siyo, aseme siyo, nimgongee nyingine."