Mawingu Niliyoyaandika Nikiwa Nimelala

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumapili moja ya Oktoba kule Kibwezi, nilipokuwa kijana niliyemaliza shule na kukosa kazi. Mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kwetu alikuwa amenipa kibarua cha kutazama anga usiku. Usicheke. Kilikuwa kibarua halali, na nilipewa hata koti.

Huko juu, mbali kuliko ndege zinakopita, kuna tabaka la hewa yenye umeme. Jua likishatua, hasa huku kwetu karibu na ikweta, hewa nyepesi ya chini ya tabaka hilo hupanda kwa viputo, kama uji unaoanza kuchemka. Wataalamu huviita viputo vya plazma. Macho hayavioni, ila vikipita huvuruga mawimbi ya redio na ya setilaiti. Kamera ya Mwalimu, iliyokaa juu ya paa la maabara, ilivinasa kama mistari myeusi inayosogea polepole kuelekea mashariki.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Usiku usio na mbalamwezi nilipaswa kufungua kifuniko cha kamera giza likiingia, kubadilisha filamu na kuandika daftarini. Kukiwa na mawingu, nisifungue. Niandike tu kwamba kulikuwa na mawingu.

Sasa mimi nilipenda usingizi. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na mchumba wa kunichosha. Usiku wa kwanza nilipitiwa kabla ya kufungua kifuniko, nikaamka jogoo wakiwika, nikaandika: mawingu. Hakuna aliyeuliza. Usiku wa pili neno lilikuja lenyewe. Nikafikisha usiku tisa.

Pengine kwingineko uongo huo ungepita. Lakini Ukambani mwezi wa Oktoba hakuna kitu kinachosubiriwa kama mawingu. Mashamba yamelimwa, mbegu bado ziko ghalani, na kila nyumba inajiuliza kama ipande sasa kwenye vumbi ili mvua izikute ardhini, au ingoje. Ukiwahi mno, ndege na kuchakuro wanazifukua. Ukichelewa, mvua zenyewe ni fupi, zinakuacha.

Jirani yetu Kalekye, mjane tuliyemwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu za ndengu. Hakuwa na kingine. Jumapili hiyo, tukitoka kanisani, alinikuta nimesimama na Mwalimu.

"Muthoka, wewe ndiye unakesha," akaniambia. "Mimi asubuhi naona juu kumekauka tu. Usiku kunakuwanga na mawingu?"

Mwalimu alikuwa amenigeukia anisikilize. Lile daftari alikuwa amelisoma.

"Yanakuwanga, Mwaitu. Kila usiku. Yanatokea upande wa Kitui."

"Kila usiku? Basi imekaribia."

Jumatatu alipanda mbegu zote. Jua likawaka wiki tatu mfululizo. Njia yangu ya kwenda maabara ilipita kando ya shamba lake, na kila siku nilimwona akigonga debe kufukuza kware waliokuwa wakifukua mstari baada ya mstari. Kisha siku moja nikamkuta ameketi mlangoni, kware wamejaa shambani, naye hawafukuzi tena. Hapo nilishindwa kupita.

"Mwaitu, hayo mawingu hayakuwako," nikamwambia. "Nilikuwa nimelala."

Aliwatazama wale kware. Kisha akasema, "Ungesema ulilala ningekucheka tu, na mbegu ningekuwa nazo."

Hakunilaani, wala sauti yake haikupanda. Niliona aibu ambayo sijaionja tena mpaka leo.

Nilikwenda kumwambia Mwalimu. Hakunifukuza. Alinipa kalamu na kusema, "Usifute. Andika kando, usiku baada ya usiku." Nikaandika "nililala" mara tisa. Aliniambia kwa upole kwamba huo ndio msimu ambao viputo hutokea sana, na kwamba usiku ukishapita hakuna wa kuupiga picha.

Mvua ilipokuja, mama yangu aligawa mbegu zetu nusu kwa nusu, nami nikampandia Mwaitu. Alivuna kidogo.

Mwanangu, ukipewa kazi ya kutazama na kuandika, iwe ni anga, mita ya maji au joto la mgonjwa hospitalini, usijaze nafasi kwa neno la kukuondolea maswali. Humjui atakayelichukua neno hilo, wala atakalolifanyia. Mimi nilidhani namdanganya Mwalimu na kamera yake tu. Ukilala, sema umelala, na useme mapema.

Mungu akupe macho ya kukesha. Na usiku yatakapokushinda, maana yatakushinda, akupe kinywa cha kusema hivyo kabla mtu hajapanda.