Pampu ya Mashimoni Kwenye Bwawa la Nyumbani

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimetuacha wanne bila baba wala mama, na mimi, dada yao mkubwa, niliacha shule nikiwa mdogo ili wenzangu wapate kula. Watu walisema amani imerudi Bunia, mji wetu. Lakini gari likikawia kutoka Iga Barrière, kwenye njia ya vijijini, wauzaji walihofia shambulio wakafunga mabanda mapema, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tulikaa vyumba vya nyuma vya nyumba ya Mama Béatrice, mfanyabiashara niliyemtunzia nyumba akiwa safarini. Mbele palikuwa na bwawa la kuogelea, dogo, la zamani. Siku chache kabla hajarudi na wageni, pampu iliyozungusha maji ikaungua, na maji yakaanza kuwa ya kijani. Nikampigia simu.

“Weye ndio unakaa pale,” akasema. “Chagua pampu ingine. Nikikuta maji iko muchafu mbele ya wageni yangu, nitatafuta mutu mwingine wa kulinda nyumba.”

Usinicheke, mwanangu. Wakati ule viwanja vya makanisa vilijaa watu waliokimbia vijiji vya Djugu, wamelala chini ya maturubai. Nilipowaza kufukuzwa, niliwaona wadogo zangu pale kati yao. Woga huo ndio ulionunua pampu, si mimi.

Kwanza nilimwendea Muzee Anselme, fundi bomba, jirani yetu, aliyelaza mabomba ya nyumba ile.

“Usiende soko mikono mitupu,” aliniambia. “Beba ile ya zamani. Iko na kibao ya chuma pembeni, nguvu yake imeandikwa pale. Tafuta yenye kufanana nayo. Unasikia, binti yangu?”

“Nasikia, Muzee.”

Sikusikia. Kibao kilikuwa cha Kifaransa na tarakimu, nami niliona haya kusema sikielewi. Nikakiacha nyumbani pamoja na pampu yake.

Pampu zilikuwa nyingi sokoni kwa ajili ya wachimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu, wanaozitumia kukausha mashimo yao. Hao wana namna yao ya kupima. Pampu inawashwa kwenye pipa la maji, na mnunuzi anaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea. Inayoukamata mkono sana ndiyo nzuri. Nilimwambia muuzaji natafuta ya bwawa la kuogelea; alinitolea kwanza ndogo, kisha mwenyewe akaicheka.

“Hii ni ya bébé, inakunywa maziwa. Dada, weka mukono kwa ile mukubwa!”

Nikaweka. Ikanishika hadi nikapiga yowe, na wanaume waliokuwa pale wakaangua kicheko.

“Umeona? Ile inakausha shimo asubui moja tu! Maji ya piscine yako itang'aa sawa sahani.”

Nilirudi nayo kwa pikipiki nikiwa na furaha, na fundi mwingine akaifunga bila kuuliza kitu. Chini ya bwawa palikuwa na tundu moja tu la kunyonya maji. Kifuniko chake cha vitobo kilivunjika zamani, lakini pampu ya kwanza ilivuta polepole, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Kesho yake saa nane mchana, jenereta iliyoendesha pampu ikinguruma nyuma ya nyumba, Neema, kitinda mimba wetu, alikuwa majini akiokota majani. Alikuwa na miaka tisa na aliipenda kazi hiyo. Akazama kufuata jani la chini. Nikangoja kichwa chake kitokee. Nikangoja tena. Kisha nikamwona, mgongo umebanwa kwenye lile tundu la sakafuni, mikono ikipigapiga.

Niliruka na nguo zangu. Nikazama, nikamshika mikono, nikavuta. Hakutoka. Nikakanyaga sakafu pande zote mbili za mwili wake, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama.

Hapo nikafahamu kwamba kumshika hakutamwokoa. Ilibidi nimwachie. Alikuwa ameniganda, nikavitoa vidole vyake kimoja kimoja. Hadi leo navisikia mkononi. Nikapanda, nikakimbia kuzunguka nyumba, nikaizima jenereta. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko ngurumo ile. Nilirudi nikijiambia namfuata maiti.

Alikuwa ameelea, uso chini. Nikamtoa, nikamlaza ubavu. Hakuna kitu. Kisha akakohoa, akatapika maji, akalia. Mgongoni alikuwa na duara jekundu, kubwa kama sahani ya chai.

“Yaya,” akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, “juu ya nini uliniacha?”

Nilimkumbatia tu. 

Jioni Muzee Anselme alikuja akaitazama pampu. Hakupaza sauti.

“Ulipima namna inavuta. Haukuuliza ni nani ataingia mu maji.”

“Ile kibao, Muzee... sikujua kuisoma.”

Akageuka kutoka kwenye pampu. “Na kwangu ni mbali? Uliogopa nitakula weye?”

Niliona heri angenichapa. Tuliing'oa pampu ile, na bwawa likabaki la kijani. Mama Béatrice alipofika nilimweleza yote. Alitazama mgongo wa Neema, akafuta machozi, lakini neno lake la kutafuta mtu mwingine halikubadilika. Tukahamia chumba kimoja katika mtaa wa Mbunya. Nililoliogopa lilinipata, na halikutuua. Tulihama wanne.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kazi ya kuchagua pampu, beba ya zamani, uchukue yenye nguvu ile ile ambayo bomba na tundu vimeizoea. Kifuniko kikivunjika, mtu asiingie majini mpaka kitengenezwe. Swichi ya kuzimia iwe karibu na maji, kila aliye nyumbani aijue. Na usichague kitu chochote kwa sababu unamwogopa bwana wako au unaona haya mbele ya wanaocheka. Sema, “Sijui, nisomee.” Maneno mawili hayo mimi niliyaficha, na nusura yamzike mdogo wangu.

Mungu akupe mtu wa kumuuliza, na akupe moyo wa kuuliza. Wale unaoamka nao asubuhi, uwahesabu wote jioni, asipungue hata mmoja.