Chuchumaa Kabla Hujainunua

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa sababu ya suruali, na kama unataka kucheka, cheka sasa ili baadaye unisikilize.

Nilikuwa muuguzi mgeni, ndiyo kwanza nimepangiwa zahanati ya kule juu Mgeta, na kila wiki nilipeleka chanjo kwa baiskeli katika kijiji cha mbali. Wewe nawe umepangiwa milima hiyohiyo, na jana umeniambia umeiona suruali ya mvua dukani, nyeusi, inakubana vizuri. Hilo neno "inakubana" ndilo lililonishtua.

Yangu niliinunua mtumbani, mjini Morogoro. Ilikuwa ya buluu, inang'aa, imenikaa mwilini. Nikasimama mbele ya kioo, nikageuka huku na huku, nikaichukua. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu, lakini nani angeniambia kitu mimi, binti wa mjini?

Mvua ya Uluguru haina papara. Inaanza kama ukungu, halafu unashtukia imeshafika mifupani. Kwenye mlima wa kwanza, sanduku la chanjo likiwa nyuma kwenye keria, nilikandamiza pedeli kwa nguvu na suruali ikachanika katikati ya mapaja. Tena kwa ujanja wangu nilikuwa nimeichomeka ndani ya mabuti, basi maji yote yaliyoteremka miguuni yakajaa humo. Magoti yakafa ganzi. Nikashuka, nikasukuma baiskeli njia nzima.

Nilifika saa sita. Akina mama walikuwa wakinisubiri tangu asubuhi, na watatu walikuwa wameshaondoka na watoto wao bila chanjo. Niliona haya, mwanangu, haya kwelikweli. Waliobaki walikuwa wamezuiwa na Bibi Mwanahawa, mkunga wa kijiji, kwa uji na maneno yake.

Nikamwamkia shikamoo huku meno yakigongana. Akaitikia marahaba, akaitazama suruali.

"Ulipoinunua, uliijaribu vipi?"

"Nilisimama, bibi."

"Kwani baiskeli unaiendesha umesimama?"

Akanipa kanga nijifunge, na wakati nikichanja watoto yeye akakata kitambaa cha mwavuli wake mbovu, akashona kiraka kipana pale palipochanika. Kisha akaniamuru niivae na nichuchumae mbele ya akina mama wote. Nikachuchumaa. Haikuvuta popote.

Kesho yake nilipanda tena na kiraka changu, nikawafuata wale watatu shambani, mmoja mmoja, mpaka watoto wote wakachanjwa. Hakuna aliyenicheka. Mmoja alinifungia hata magimbi.

Kwa hiyo nenda dukani, uchuchumae hapohapo, goti lifike kifuani. Ikikuvuta, irudishe. Iwe na nafasi ya kuvaliwa juu ya nguo za kazi, na iwe ndefu, ianguke nje ya mabuti. Mguu wa suruali wa upande wa mnyororo uufunge kwa kipande cha tyubu, usinaswe. Ile ya plastiki tupu, isiyopitisha hewa, iache, utalowa kwa jasho lako mwenyewe. Na mwenye duka akikucheka, mwache acheke. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na yeye hapandi mlima na wewe.

Mungu akujalie magoti yenye joto, mwanangu, na kila utakapofika, umkute mama wa mwisho bado hajaondoka.