Mbwa Kumi na Mmoja Nyuma ya Mama Spika

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Mama Spika, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mkunga aliyempokea, kwa maneno ya mamake mzazi, aliziba masikio kwanza ndipo akakata kitovu. Alipokuwa msichana alijaribu kuuza kwenye duka la vitambaa; wateja wakikaribishwa walitoka mbio, wakidhani wamefukuzwa. Akapata kazi ya mapokezi kwenye zahanati. Siku ya tatu daktari alimwita pembeni akamwomba, kwa heshima zote, asiwe anawauliza wagonjwa wanaumwa nini, maana foleni nzima ilikuwa inajua.

Ndipo ofisi ya mtaa ilipomkabidhi kipaza sauti cha betri chenye mkanda wa begani, akawa mtangazaji. Maji yatakatwa Jumanne. Mkutano umeahirishwa. Mtoto wa nguo ya njano amepatikana, yuko kwa kinyozi, anakula. Kwa nini mtu wa sauti ile alihitaji kipaza sauti, watu hawakuelewa. "Ni vazi la kazi," alijibu, "kama koti la daktari."

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, bibi ambaye masikio yake yalishastaafu zamani, na wawili hao walipatana kama chanda na pete. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Akipiga simu, aliiweka juu ya dashibodi, akaendelea kuendesha na kumsikia mkewe vizuri tu.

Kitu kimoja kilimtia Mama Spika hofu hapa duniani: mbwa. Hakuwahi kuumwa wala kukimbizwa. Aliogopa tu, kama wengine wanavyoogopa sindano. Na mbwa, kwa sababu zao wenyewe, walimpenda.

Mwaka huo mbwa wakaanza kuibwa. Wa kwanza alikuwa wa fundi rangi, aliyefungwa nje ya duka wakati bwana wake anachagua brashi. Fundi alitoka na brashi mbili, akakuta kamba. Wa pili akaondoka na banda lake. Wa tatu aliibwa mchana kweupe, mwenyewe anaangalia: lilikuja jibaba limevaa koti jeupe, likasema ni mtu wa chanjo, mbwa anahitajika kituoni nusu saa. Mzee wa watu akamshika mbwa miguu wakati anapakiwa, akashukuru, akapewa na fomu ya kusaini. Walipofika wanne, mwenyekiti wa mtaa aliona maji yamezidi unga. Akaitisha kikao, kikao kikatoa karatasi, na asubuhi ya Jumamosi karatasi ikawekwa mikononi mwa Mama Spika.

Ilikuwa karatasi nzuri. Ilisema usimwache mbwa amefungwa nje ya duka. Usimkabidhi kwa mtu wa chanjo asiye na kitambulisho. Mpige picha, ujue alama zake. Angalia makomeo ya mageti. Na karibu na mwisho ilisema: usimtajie mtu usiyemjua jina la mbwa wako, kwa kuwa mbwa humfuata anayemwita.

Chini yake, kwa mwandiko wa mwenyekiti mwenyewe, palikuwa na orodha ya majina ya mbwa wote wa mtaa.

"Mwenyekiti," Mama Spika alisema, na makarani wawili wakashika kalamu zao zisianguke, "haya majina ni ya nini?"

"Ya kusoma. Mtu akisikia 'wenye mbwa jihadharini', anadhani anaambiwa jirani yake. Akisikia jina la mbwa wake, ataruka kitandani!"

"Lakini si hapa tumewaambia wasitaje majina?"

"Wasimtajie mtu wasiyemjua," mwenyekiti alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Wewe kuna asiyekujua?"

Mama Spika aliichukua karatasi. Alitia betri mpya, akavaa mkanda wake, akaingia barabarani.

"Tangazo! Tangazo! Wezi wa mbwa wako kati yetu! Mwenye Yatakwisha, mfunge Yatakwisha! Yatakwisha! Yatakwisha!"

Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani, ameshika tama, aliinua uso akasema, "Amina." Na kutoka kwenye tundu la ua wa fundi cherehani akatoka Yatakwisha mwenyewe, mbwa wa kahawia, masikio yamelala, mkia unafagia hewa. Akaja mpaka miguuni mwa Mama Spika, akakaa.

Mama Spika aliganda. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akaendelea kutembea na kusoma, ila kwa kasi zaidi. "Mwenye Bosi!" Bosi akaruka ukuta wa mwenye bucha. "Mwenye Simba!" Hapo wakaja watatu, kila mmoja kutoka upande wake, maana watu wa mtaa ule walipokosa jina walimwita mbwa Simba. Kufika kwenye kona ya kinyozi walikuwa saba, na waliokuwa ndani ya mageti walikuwa wakiyatikisa.

"Rudini kwenu!" aliwapigia kelele ndani ya kipaza sauti. "Bosi, nenda kwenu! Popi, nakuomba!"

Bosi alisogea karibu zaidi. Popi, ambaye hakuwa amefika bado, alisikia jina lake akaja.

Sasa Mama Spika akakimbia. Mwanamke wa kilo tisini na ushee, kipaza sauti kinampiga kiunoni, na nyuma yake kundi limejipanga kama linasindikiza bibi harusi. Alifika kwake, akafungua geti, akajirusha ndani. Lakini geti lile komeo lake lilikuwa bovu tangu masika, na yeye mwenyewe ndiye aliyetoka kutangaza mtaa mzima kuhusu makomeo. Wote kumi na mmoja wakaingia nyuma yake, mmoja mmoja, kwa adabu.

Alipanda juu ya meza ya uani. Mama mkwe alitoka jikoni na ufagio, akawatazama wale mbwa waliokaa wakizunguka meza, akamtazama mkwewe juu yake.

"Wageni hawa," aliuliza, "wamekula?"

*

Habari haina miguu lakini hukimbia. Haikupita saa moja mtaa ukawa unajua kwamba mwizi wa mbwa amepatikana, tena na ushahidi wote uani kwake. Watu wakajaa nje ya geti. Mwenye bucha alikuja na aproni yake. Fundi cherehani alikuja na futi shingoni na pini midomoni. Mwalimu mstaafu, mwenye Simba wa kwanza, alikuja ameshika fimbo, si ya kupigana bali ya kutembelea, ingawa siku hiyo aliishika kwa namna ya kutoeleweka.

"Ndiyo maana alikuwa na majina yao!" mtu alisema.

"Aliniita mimi mchana kweupe nimfunge mbwa wangu," alisema mwenye bucha, "ili ajue yuko wapi!"

Maneno yale yalimchoma Mama Spika kuliko hofu ya mbwa. Miaka kumi na minne alikuwa ameutangazia mtaa ule misiba yao, harusi zao na funguo zao zilizopotea, na leo hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, huyu tunamfahamu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alifungua mdomo na sauti haikutoka.

Mwenyekiti akafika, akasikiliza, akakohoa. Hakusema lolote kuhusu orodha. Alitoa amri tu kwamba geti lifungwe kwa kamba, na kila mtu ataje alama za mbwa wake bila kumwona. Akipatia, achukue. Asipojua, atarudi na picha.

Ilikuwa amri ya haki, na ikaleta aibu kubwa. Mwenye bucha aliulizwa Bosi yukoje.

"Ana miguu minne," alisema, kisha akafikiri. "Mkubwa. Mkubwa wa wastani."

"Rangi?"

"Rangi ya mbwa."

Fundi cherehani, aliyeweza kutofautisha aina sita za nyuzi nyeusi, hakukumbuka kama Yatakwisha ana baka kifuani au la. Mwalimu mstaafu alisema Simba wake ana tabia njema, na kwamba darasa la alama hakuwahi kulihudhuria. Watu walianza kutazamana. Mbwa waliolala milangoni mwao miaka mingapi, na hakuna aliyejua jicho lao lina rangi gani.

Ndipo likasogea mbele jibaba limevaa kofia ya kijani, lenye sura ya upole. "Wangu ni Simba," lilisema. "Kahawia iliyoiva, ncha ya mkia nyeupe, sikio la kushoto limepasuka kwa chini, ukucha mmoja wa nyuma haupo. Picha hii hapa." Likatoa simu.

Mwenyekiti alichungulia juu ya geti, akamtafuta, akampata. Kila kitu sawasawa, hadi ukucha. Watu wakapiga makofi.

"Mnaona?" mwenyekiti alisema. "Huyu ndiye mfugaji! Njoo hapa, kaka, utusaidie."

Yule bwana alisaidia kwa moyo mmoja. Alimweleza mwenye bucha kwamba Bosi ni mweusi mwenye baka kifuani, haumi, hubweka tu. Alimwambia fundi cherehani kwamba Yatakwisha ni mweusi pia siku hizi, maana alilala kwenye mkaa. Fundi akapinga kidogo, akajiona mjinga, akakubali. "Naye analala nyuma ya pipa la maji," bwana aliendelea, "kuanzia saa nane, wewe ukiwa unapiga pasi." Fundi akashukuru. "Na wa Mwalimu, huyu Simba mwenye doa puani, ni mtulivu sana. Ila Mwalimu, komeo la mlango wako wa uani ni fupi. Ukisukuma na goti linaachia."

"Kweli linaachia!" alisema Mwalimu. "Ahsante sana, mwanangu."

Juu ya meza, Mama Spika alikuwa akisikiliza. Mtu anayesema kwa niaba ya wengine miaka kumi na minne hujifunza kusikia. Aliwatazama wale watu wazima wanaotikisa vichwa, akasubiri mmoja wao aulize. Hakuuliza mtu. Basi sauti yake ikarudi yenyewe.

"Kaka!" Kofia ya kijani ikaruka kidogo. "Wewe unakaa nyumba gani?"

"Huko chini," bwana alisema.

"Chini wapi? Mimi mtaa huu nimeusoma kama kiganja changu. Sijawahi kukutangazia maji."

"Mimi ni... mpangaji mpya."

"Na goti lako lilikwenda kufanya nini mlangoni kwa Mwalimu?"

Mwalimu aligeuka taratibu. Yule bwana akaanza kurudi nyuma, anatabasamu, na Mama Spika akanyanyua kipaza sauti.

"Tangazo! Tangazo! Anatafutwa mwanamume, rangi maji ya kunde, kofia ya kijani, kovu dogo kidevuni, ndala ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa bluu! Anajibu akiitwa mwizi!"

Bwana akatimua mbio, na kwa kishindo cha watu kamba ya geti ikakatika. Watu wangempoteza kwenye vichochoro, kama si mbwa. Mbwa hawakumkimbiza, la hasha. Walimfuata kwa furaha, wote kumi na mmoja, kwa sababu wiki nzima alikuwa akiwarushia minofu. Alipokata kushoto walikata kushoto. Alipojificha nyuma ya ukuta walikaa mbele ya ukuta wakisubiri. Mwishowe alipanda juu ya lori la mchanga lililoegeshwa, wakalizunguka, mikia inapepea. Polisi walikuja wakitembea. Hakukuwa na haraka.

Mfukoni mwake walikuta vipande vya nyama kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa na majina ya mbwa, yameandikwa asubuhi ile kwa mpangilio uleule aliousoma Mama Spika. Alipopitishwa mbele yake alisimama.

"Dada, sina kinyongo," alisema. "Alama nilikuwa nazo zote. Yalibaki majina tu, na leo umenimalizia."

Kauli hiyo Mama Spika alilala nayo siku tatu. Siku ya nne alikwenda ofisini, akaweka orodha mezani, akamwambia mwenyekiti kwamba yeye, mwenyekiti, ndiye atakayewaomba watu radhi, na kwamba yuko tayari kumshikia kipaza sauti. Mwenyekiti alitazama dirishani, akaona watu wameshaanza kusimama barabarani kusikiliza, maana mazungumzo yale yalikuwa yanasikika hadi kwa kinyozi. Akaomba radhi.

Mbwa wanne walioibwa mwanzo walikutwa bandani nyuma ya karakana ya mbao, wamenenepa. Mtaa ukapata akili. Makomeo yalirefushwa. Mtu wa chanjo wa kweli alipokuja alionyesha kitambulisho mara tisa kabla ya kuchoma sindano ya kwanza. Mpiga picha wa mtaa alipata foleni ya mbwa, kila mmoja mbele, ubavuni na mkiani, na picha zikagongwa muhuri wa ofisi. Majina yalibadilishwa kwa siri, na jioni ungeona watu wazima wameinama magetini wananong'ona.

Mwezi mmoja baadaye fundi cherehani alimvuta Mama Spika ndani, akafunga mlango.

"Shoga, yule mbwa mweusi nimemwosha mara tatu. Mkaa hautoki."

Mama Spika alimtazama yule mbwa, akatazama picha yake iliyogongwa muhuri, akakumbuka kwamba Yatakwisha aliyemtokea siku ile kwenye tundu la ua alikuwa wa kahawia. Huyu alikuwa Bosi mwenyewe, yule mweusi aliyeruka ukuta wa mwenye bucha. Walikwenda bucha. Pale chini ya meza, Yatakwisha alikuwa amelala juu ya miguu ya mwenye bucha, mnene, anakoroma usingizini.

"Siku ile fundi aliwahi yule mweusi, nikachukua aliyebaki, na nilijua wiki ya kwanza," mwenye bucha alisema, macho kwenye kisu chake. "Lakini huyu anakula ninachompa, hachagui. Yule Bosi alikuwa ananidharau."

Fundi alifikiri. "Wangu wa sasa hatafuni vitambaa," alisema. "Yatakwisha alinimalizia mikono sita ya mashati."

Wakamgeukia Mama Spika wote wawili, na fundi akaweka kidole mdomoni.

"Lakini hili," alisema, "usilitangaze."