Kufuli la Siku ya Wanawake

Tarehe nane Machi ikikaribia, mimi hufunga kazi. Wanawake wa mtaani wananiletea vitenge vya siku yao, nami nawaambia wapeleke kwingine. Wanasema nina maringo. Waseme. Nilishashona vya kutosha kwa ajili ya siku hiyo, katika chumba kimoja cha Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, nyuma ya maduka, na mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje.

Mwenye atelye ile ya ushonaji tulimwita Mama Patronne, yaani mama bosi. Sauti yake ilikuwa laini, na alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote wa Kisangani: hakuweza kukataa kitambaa. Kila aliyekuja aliambiwa ndiyo, mama, rudi Jumatano, hata kama vitambaa vya watu vilikuwa vimekaribia dari. Wiki ya mwisho, wateja wakianza kuja na hasira zao, alikuwa anatuingiza sisi mafundi wake asubuhi, anavuta mlango wa chuma, kisha anatundika kufuli kubwa kwa nje. Mteja akifika aone pamefungwa, aende zake. Ndani sheria ilikuwa moja. Mtu akibisha, mashine zote zinyamaze na asikohoe yeyote, mpaka yule wa nje achoke kutukana. Na Mama Patronne mwenyewe alikwenda wapi na funguo? Kwenye mikutano ya kuandaa siku ya wanawake. Alikuwa mjumbe wa kamati.

Miongoni mwetu alikuwepo binti mmoja aliyetoka kijiji cha Yanonge, naye alikuwa akinyonyesha. Kwetu msichana akizalia nyumbani, shule imekwisha, na neno linalofuata midomoni mwa ndugu zake ni cherehani, kana kwamba amehukumiwa. Yeye hakuwa na kinyongo na kazi. Alikuwa anashona mikono ya libaya, ile blauzi ya kuvaa na kitenge, na mikono ya mwaka ule ilikuwa mikubwa yenye marinda begani, mtindo wa kumtoa mtu jasho. Mama yake aliuza samaki wa moshi bandarini, na siku za kawaida alimleta mtoto adhuhuri. Binti alikaa kizingitini, akanyonyesha, akarudi kwenye mashine. Sisi tulimwita yule bibi Koko.

Wiki ya kufuli, Koko alikatazwa kuja. Mtoto akilia mbele ya mlango uliofungwa, wateja wote wa Makiso watajua kwamba ndani mna watu. Mama Patronne alimwambia binti ampe mtoto uji, kwani ni siku chache tu. Mtoto wa miezi minne. Binti alijifunga kifua kwa kipande cha bitana, na hata hivyo maziwa yalipenya, akawa anashona akiwa ameinama mbali na kitambaa ili asikitie doa. Usiku mtoto alikuwa anakataa ziwa kwa sababu lilikuwa limejaa na kuwa gumu kama jiwe. Alituambia maziwa yakikauka hana kingine cha kumpa. Aliogopa hilo tu, na mimi nikaanza kuogopa pamoja naye.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kukasirika. Kabla papa, baba yangu, hajafariki nilisoma historia miaka miwili chuo kikuu, na kilichobaki kichwani ni kozi moja kuhusu Amerika ilipokuwa inajenga viwanda vyake. Profesa alitusomea mambo hayo kwa imla, polepole, nasi tukaandika: moshi, watoto kwenye mashine za kufuma, familia nzima katika chumba kimoja. Kisha harakati za kurekebisha: vyama vya wafanyakazi, waandishi waliofichua uchafu wa viwanda vya nyama, akina mama waliopiga vita ulevi, mabibi wasomi waliohamia mitaa ya maskini kuwafundisha usafi. Nilipofika kwenye usafi nilianza kuwachukia wale mabibi. Profesa akahitimisha kwamba mageuzi yalizaliwa katika dhamiri ya watu waliosoma. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza dhamiri hiyo ilikuwa wapi kabla wafanyakazi wenyewe hawajaacha mashine na kutoka nje. Akaniambia niketi.

Mama Patronne alijua habari za masomo yangu. Kwa hiyo mteja wake mkubwa, mama mmoja mkurugenzi katika ofisi moja ya mkoa, alipotakiwa kusoma hotuba siku ya sherehe juu ya asili ya sikukuu, kazi ya kuiandika niliangushiwa mimi. Niliandikia palepale kwenye meza ya kukatia, nikiwa nimefungiwa. Niliandika kwa chuki, na chuki ilinisaidia kupata maneno. Nikaeleza kwamba mzizi mmoja wa siku hii ni wasichana wa Amerika waliokuwa wakishona blauzi, kama sisi, juu ghorofani, milango ikifungwa wasitoke mapema na wasiondoke na kipande cha kitambaa. Kwamba waligoma wakati wa baridi na polisi wakawapiga. Kwamba mabibi matajiri walikwenda kusimama nao barabarani kwa sababu polisi aliogopa kupiga koti la manyoya, na kwamba baadhi yao walirudi nyumbani mara wasichana walipoanza kudai zaidi ya huruma. Kwamba baadaye jengo moja liliwaka, mlango ukiwa umefungwa, wasichana wakafa, na ndipo sheria ikaamka. Niliamini kwamba mtu yeyote akisoma maneno hayo katika chumba kile atageuka kuutazama mlango.

Sikujua bado jinsi mtu mwenye cheo anavyoweza kusoma bila kusikia.

Mkurugenzi alikuja kupimisha nguo mchana wa kuamkia sikukuu. Mama Patronne alimfungulia kwa heshima zote, akamsimamisha juu ya kigoda mbele ya kioo. Mkono wa kushoto wa libaya ulikuwa tayari, wa kulia binti wa Yanonge alikuwa anaupima kwa pini. Mkurugenzi akatoa hotuba yake, akaanza kuisoma kwa Kifaransa kwa sauti ya jukwaani. Sehemu ya mabibi kurudi nyumbani alikuwa ameikata kwa kalamu. Alipofika kwenye milango iliyofungwa alinyamaza, nikadhani sasa atageuka. Alikuwa anataka tu kumuuliza Mama Patronne kama ainue mkono mahali pale. Mama Patronne akasema ndiyo, auinue, patapendeza. Binti alikuwa na pini mdomoni. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi, na Mungu alimlinda mtu siku ile.

Kisha ikaonekana kwamba zipu haifanani na kitambaa. Mama Patronne akasema anaruka dukani mara moja, akatoka, na kwa mazoea ya wiki nzima akafunga kufuli. Mkurugenzi alikuwa akijitazama kiooni, hakuusikia mlango. Wasichana tulitazamana tu.

Hapo Koko akafika. Alikuwa amekataa kukatazwa. Dirisha letu lilikuwa juu, lina nondo, na yule bibi alikuwa amembeba mtoto huku akimwita binti yake kwa jina kutoka barabarani. Mtoto alilia kilio kile kikavu cha njaa ya siku kadhaa. Binti akaruka nyuma, mikono kifuani, maana maziwa yalikuwa yamemtoka kwa sauti ile na libaya la mkurugenzi lilikuwa mbele yake. Akapanda juu ya meza, akafika dirishani, akajaribu kumnyonyesha kati ya nondo. Koko alimwinua mtoto juu ya kichwa, mtoto akaisikia harufu, akafungua mdomo, akakuta chuma. Alilia zaidi.

Mkurugenzi akauliza yule ni mtoto wa nani. Nilimweleza, kwa adabu niliyokuwa nayo. Akasema pole, kisha akasema Mama Patronne alipaswa kufikiria mahali pa kulea watoto, yeye mwenyewe atalitaja jambo hilo katika mkutano ujao, kuna mradi. Halafu akamwambia binti ashuke amalize mkono, ana kikao. Akaenda mlangoni kuangalia kama dereva wake amerudi. Akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, mmoja una nguo na mwingine hauna.

Akatugeukia, uso umembadilika. "Nani alinifungia? Mie? Mie niko mufungwa hapa?"

Nikamwambia sote tumefungwa, tangu Jumatatu. Hakunisikia. Alipiga simu ya Mama Patronne, nayo ikalia pale pale mezani ilipokuwa inachajiwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alianza kugonga bati la mlango akiita watu, na laiti angeendelea kidogo tu pengine mpita njia angesaidia. Lakini mlango ukagongwa kutoka nje.

Alikuwa mwanamke wa ofisini kwake, karani. Tulimjua sauti, naye mkurugenzi alimjua zaidi. Yule karani aliapa kwamba amesikia watu ndani, na kwamba bibi mwenye mtoto pale dirishani hawezi kuwa anauita ukuta. Alisema alileta kitenge chake kabla ya wote, na anajua vizuri sana kwa nini hakijashonwa: libaya la mama mkubwa wa ofisini limepitishwa mbele. Mkurugenzi alikuwa bado amekunja ngumi hewani. Akaishusha taratibu. Akarudi nyuma, akaweka kidole mdomoni, akatuamrisha sisi tunyamaze. Sheria ya Mama Patronne ilikuwa imempata na yeye, naye aliitii vizuri kutupita sote. Karani alitukana mpaka akachoka, akaondoka.

Kawaida, hatua za mteja zikiisha, mikono inarudi kwenye gurudumu la mashine. Nikasema kwa sauti ya chini, "Muache mashine. Zikae tu vile." Haikuhitaji ushujaa mkubwa, kwani zilikuwa zimenyamaza tayari. Tulichofanya ni kuendelea kunyamaza. Msichana mdogo kuliko wote alinitazama kwa woga, kisha akaweka mikono mapajani.

Mama Patronne aliporudi alikuta mashine zimenyamaza, akadhani mteja yupo karibu, akanong'ona kwenye ufa wa mlango kuuliza kama wameondoka. Alipofungua, mkurugenzi alimwangukia kwa maneno. Alimkaripia kwa kumfungia yeye, mtu wa cheo chake, kama mwizi wa kuku. Kuhusu sisi hakusema kitu. Mama Patronne aliomba msamaha kwa sauti yake laini, huku akiusukuma mlango urudi, na hapo ndipo binti wa Yanonge alipopita chini ya mkono wake.

"Kwanza mukono," Mama Patronne alisema, akimshika.

"Kwanza mutoto," alijibu.

Mama Patronne akamwachia, akamwita msichana mwingine aje ashone mkono wa kulia. Yule hakuinuka. Akamwita wa pili. Wa pili akatazama sakafu. Akanigeukia mimi, akijua jambo lile lilikotoka. Nikamwambia mkono utashonwa na binti mwenyewe, akishamaliza kunyonyesha, mlango ukiwa wazi, na kuanzia sasa mlango unakaa wazi. Akasema nimeharibiwa na chuo kikuu. Nikamwambia ndiyo.

Mkurugenzi akatazama saa yake. "Bon, acha amunyonyeshe," akasema. "Lakini afanye mbio."

Sisemi tulishinda. Kesho yake mkurugenzi alisoma hotuba yake mbele ya watu, akainua mkono mahali pale pa milango, mikono yote miwili ya libaya imekaa sawasawa begani. Watu walipiga makofi, na Mama Patronne alikuwa wa kwanza kusimama. Sikukuu ilipopita alitufukuza wawili, mimi na binti wa Yanonge, na nasikia kufuli linatundikwa mpaka leo kila mwezi wa tatu. Ninaposikia watu wakisifu mabibi wa Amerika na dhamiri zao, huwa namkumbuka mama mmoja juu ya kigoda. Bado nina hasira, wala sitafuti dawa yake.

Lakini saa ile, kabla ya yote hayo, mlango ulikuwa wazi wote, mwanga umeingia hadi kwenye meza ya kukatia. Ng'ambo ya barabara wateja waliokuwa wakizunguka tangu Jumatatu walituona, wakaanza kuvuka, karani na wenzake wa ofisini mbele yao. Mama Patronne aliwaona wakija, akakosa pa kuingia. Binti alikaa kizingitini, akafungua ile bitana kifuani, akampokea mtoto kwa Koko. Mtoto alihangaika kidogo kwa sababu ya ule ugumu, akakohoa, akashika. Tulimsikia akimeza. Mkurugenzi alisimama nyuma yao, mkono mmoja umevaa na mwingine mtupu, watu wa ofisi yake wanamtazama kutoka barabarani, na hakuwa na pa kupita maana mama na mtoto walikuwa wameujaza mlango.

Akauliza yule mtoto atamaliza saa ngapi.

Binti hakuinua kichwa. "Mama," alisema, "iko bado ku ziwa ya kwanza."