Radhi ya Mamangu na Mapovu ya Mjomba

Kozi ya kupiga mbizi niliisomea jikoni, Likoni, katika nyumba ambayo mfereji wake ulikuwa umekauka tangu Ramadhani. Maji yalikuja kwa mkokoteni, nayo tuliyagawa kwa kikombe. Nisiulizwe zaidi.

Kituo kimoja cha wazamiaji kule Diani kilikuwa kimeniahidi kazi ya kuwaongoza wageni chini ya maji, mradi nipate cheti. Nadharia ningeisoma nyumbani kwa simu, sura baada ya sura, kisha Jumamosi niende kwenye bwawa la hoteli, mwalimu anivishe mtungi wa hewa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa radhi ya mamangu. Kwetu mtu haendi hata kwenye ndoa mbaya bila radhi ya mama, sembuse baharini.

"Sitoi radhi kwa kitu nisichokijua," alisema. "Nisomeshe nami."

Mamangu aliacha shule mapema, na Kiingereza hukiita makelele. Basi mimi nikawa nasoma na kutafsiri, yeye ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Nilidhani atachoka siku ya pili. Hakuchoka. Aliyechoka ni mimi.

Sura ya kwanza ilisema mzamiaji hazuii pumzi hata mara moja. Tangu hapo nikinyamaza kidogo tu nikikata vitunguu, anapiga kelele, "Pumua!" Sura ya pili ilisema ukishuka, ubane pua upulize taratibu ili masikio yazibuke. Siku tuliyokwenda mjini, tulipoanza kuteremka kuelekea kivukoni katikati ya umati, mamangu akabana pua, akapuliza. Waliokuwa karibu wakamtazama, wakatazamana, nao wakabana pua zao. Mzee mmoja akaniangalia mimi kwa masikitiko. Nilitamani ardhi inimeze.

Sura ya tatu ilisema mtu hazamii bila mwenziwe, na wenza hukaguana vifaa kabla ya kuingia majini. Sikuweza tena kwenda msalani bila kusimamishwa mlangoni. "Hewa?" "Ipo, mama." "Mkanda?" "Nimevaa dera, mama, mkanda wa nini?" "Jibu ulivyofundishwa."

Miwani ya kuzamia niliazima, nikawa naifanyia mazoezi uani, uso ndani ya karai la maji ambayo baadaye tungefulia nguo. Mamangu alinishika kisogo kwa usalama. Jirani yetu alituchungulia juu ya ukuta, akashuka haraka. Bila shaka alidhani natolewa jini, wala hakuna aliyemweleza, kwa sababu mamangu alikuwa hasemi naye tangu mimi niko shule ya msingi.

Sababu ilikuwa mjomba, ndugu yake mamangu wa tumbo moja. Alikuwa akizamia majongoo ya bahari, anavuta hewa kwa mpira mrefu uliofungwa kwenye mashine ya kujazia magurudumu. Asubuhi moja alipita mlangoni kwa jirani akienda kazini, jirani akamwambia, "Una miguu mizuri wewe," wala hakusema mashallah. Jioni mjomba alirudi akitembea, akala, akajilaza, na alipotaka kuinuka miguu haikumtii. Haikumtii mpaka tukamzika. Kwa mamangu kesi ilikwisha siku ileile: jicho la husuda.

Sura ya nne nilitaka kuipitia mbio. Ilisema ukikaa chini sana kisha ukapanda upesi, hewa iliyoingia mwilini hufanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Unaweza kutoka majini mzima, ukala, ukacheka, halafu saa kadhaa baadaye miguu ikafa.

Nazi ikaacha kukunwa.

"Rudia," alisema mamangu. Nikarudia. "Hapo kwenye miguu. Rudia."

Niliposoma mara ya tatu ndipo nami nikaelewa nilichokuwa nikikisoma, nikaogopa kumtazama. "Alikuwa akijisifu," alisema polepole. "Alisema pwani nzima hakuna apandaye upesi kama yeye."

Akajitanda leso, akachukua simu yangu, akaniambia nimfuate. Alipiga hodi kwa jirani kwa sauti ya mtu anayedai. Jirani akafungua, mwiko mkononi, akatuona, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo," nilisema, maana lazima mmoja wetu angekuwa na adabu.

"Kaa," mamangu akamwamuru mwenye nyumba. "Nawe, msomee."

Nikasoma sura ya nne chumbani kwa watu, bando likielekea kuisha, huku chakula kikiungua. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mapajani.

"Kwa hivyo si mimi?" aliuliza.

"Si wewe. Ni mapovu."

"Wallahi mimi nilijua ni mimi." Akauweka mwiko sakafuni. "Tangu siku ile sijasifu mtoto wa mtu. Wajukuu zangu wakija huwaambia wana sura mbaya, nisije nikawadhuru. Sasa hawaji."

Mamangu aliketi sakafuni, akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya mazishi. "Nisamehe," alikuwa akisema, "nisamehe, jirani." Nami nikalia. Niliwahurumia wote wawili, na mjomba, na hao wajukuu.

Walipotulia, jirani alifuta macho, akanitazama toka juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayeonja chakula baada ya kufunga.

"Binti yako ana miguu mizuri," alisema.

Mamangu akainua kichwa. "Sema mashallah."

"Si umesema ni mapovu?"

"Sema!"

"Mashallah," akasema jirani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Mamangu akapenga kamasi kwa pindo la leso, akanigeukia. "Jumamosi nenda, radhi yangu unayo," alisema. "Lakini kupanda, mwanangu, panda polepole."